Domeni yako ikiwa mikononi mwa mtu mwingine

Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo, na kilio chao ni kimoja: "Nimeibiwa domeni," yaani anwani ya tovuti. Mara nyingi hakuna mwizi. Fundi aliyetengeneza tovuti aliisajili domeni kwa barua pepe yake mwenyewe, wakakosana kwenye malipo, akaikalia.

Anza kwa kuitafuta domeni yako kwenye lookup.icann.org. Siku hizi jina la mmiliki hufichwa, lakini utamwona msajili (kampuni ilikosajiliwa domeni), tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kwisha muda.

Ugomvi ukiwa wa fundi, achana na WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu linaloamua migogoro ya domeni. Waamuzi wake kwa kawaida hawaingilii mambo ya mkataba na malipo. Kusanya risiti za M-Pesa na meseji za WhatsApp ulipomwagiza akusajilie. Kama kweli unadaiwa, lipa, lakini mkae pamoja: aingie kwenye akaunti yake ya msajili mbele yako, aweke barua pepe yako kama mmiliki, ndipo pesa itoke. Ikishindikana, wakili amwandikie, na baada ya hapo ni mahakama.

Mvamizi ni habari nyingine: mtu hamjuani, kasajili jina lako la .com ili akuuzie. Huyo dawa yake ni UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya domeni uliowekwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu domeni duniani; kesi unaweza kuipeleka WIPO. (.tz na .ke zina kanuni zake, ulizia wasimamizi wake, TCRA kwa Tanzania au KeNIC kwa Kenya.) Lazima uthibitishe mambo matatu, yote: domeni inafanana na alama yako ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, yeye hana haki nayo, aliisajili na anaitumia kwa nia mbaya.

Watu wengi hukwama hapo kwenye alama. Wananiletea cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wakidhani kimemaliza kazi. Alama ya biashara ina cheti chake. Usipokuwa nacho, itabidi uonyeshe kwamba wateja wanalitambua jina kuwa lako: matangazo, mauzo, picha za bidhaa zenye tarehe. Neno la kawaida ni gumu zaidi. Mwaka 2000 mwanamuziki Madonna alishinda domeni ya jina lake, mwanamuziki Sting akashindwa. Mwamuzi alisema "sting" ni neno la kawaida la Kiingereza. Ukijiita Duka Bora, jiandae.

Tazama tarehe pia. Kama alisajili kabla hujaanza biashara, nia mbaya utaithibitishaje?

Akikupigia kutaja bei, mwombe aandike. Mtu anayedai mamilioni kwa kitu alichosajili kwa dola chache anakupa ushahidi kwa mkono wake.

WIPO hutoza dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, hadi domeni tano, na mlipaji ni wewe. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu. Fidia haipo, unapewa domeni au inafutwa. Ukishinda, msajili husubiri siku 10 za kazi, maana aliyeshindwa anaweza kwenda mahakamani. Siku hizo zitumie kufungua akaunti ya msajili kwa jina lako mwenyewe.