Kununua prosesa iliyopimwa tayari na kuiovaklok bila kuiunguza

Wakuu, watu wengi wanadhani prosesa (ubongo wa kompyuta) mbili zenye jina moja ni kitu kilekile, hapana. Zinatoka kiwandani kama maandazi ya karai moja, zingine zimeiva vizuri zingine zimeungua pembeni kidogo, na kiwanda kinachoahidi ni ile spidi iliyoandikwa kwenye boksi tu. Chukua Core i7-8700K ya mwaka 2017, Intel wameahidi 4.7 GHz kori moja (kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa) ikifanya kazi, na kori zote sita zikiwa mzigoni ni 4.3. Kuipandisha juu ya hapo, yaani kuiovaklok, ni bahati yako. Kuna inayofika 5.2 kori zote, na kuna nyingine inagoma kwenye 4.9 hata uiombe vipi.

Ndo maana kukatokea biashara ya kununua prosesa nyingi, kuzipima moja moja, kisha kuziuza kwa madaraja. Waliojulikana zaidi ni Silicon Lottery wa Marekani, ulikuwa unachagua kabisa, hii imepimwa 5.0, hii 5.1, hii 5.2, na kila ukipanda 100 MHz (yaani 0.1 GHz) bei inaruka. Walifunga duka tarehe 31 Oktoba 2021, na sababu unaiona ukiangalia prosesa za sasa: kiwanda chenyewe kinakamua karibu kila kitu kabla hakijakuuzia. Ujerumani nao Caseking wamewahi kuuza zilizopimwa na der8auer, Mjerumani maarufu wa kuovaklok. Na Intel wakaingia wenyewe na zile zenye KS mwishoni mwa jina, i9-9900KS ya 2019 inapiga 5.0 kori zote bila wewe kugusa kitu, baadaye 13900KS ikaja na 6.0 na 14900KS na 6.2, ila hizo mbili usidanganyike, hiyo ni spidi ya kori chache kwa muda mfupi sio zote.

Kwa hiyo leo ukisema unanunua "iliyopimwa" maana yake ni moja kati ya mawili, ununue KS, au ununue mtumba kwa mtu anayesema yeye kaipima. Hapa kwenye mtumba ndo watu wanapigwa.

Muuzaji akikwambia "hii inapiga 5.1" muulize kwa volti ngapi. Asipokuwa na jibu basi hajapima kitu, kaona namba kwenye skrini mara moja akafurahi. Spidi peke yake haina maana, unataka vitu vinne kwa pamoja: spidi ya kori zote, volti (Vcore), AVX offset, na alipoza kwa kutumia nini. AVX offset ni ule ujanja wa kuishusha prosesa kidogo ikikutana na hesabu nzito (amri za AVX), mfano 5.1 yenye offset ya 2 ina maana kwenye kazi za AVX inashuka mpaka 4.9. Sio wizi, hata Silicon Lottery walikuwa wanaiandika wazi, ila asiyeiandika anakuuzia 4.9 kwa bei ya 5.1. Kwenye 8700K na 9900K, 5.0 kwa volti 1.28 ni prosesa nzuri, 5.0 kwa 1.40 ni ya kawaida iliyolazimishwa.

Skrinshoti usiiamini sana. Omba video fupi HWiNFO64 (programu inayoonyesha joto, volti na spidi) ikiwa wazi huku Cinebench R23 (programu ya kuipa prosesa mzigo) inazunguka, na tarehe ya siku hiyo ionekane. Kama mko mji mmoja nenda kabisa na flashi yako yenye CPU-Z (programu inayotaja prosesa ni ipi) na HWiNFO, hakuna aibu, hela ni yako. Ukifika angalia mambo haya. Jina kwenye kifuniko lifanane na CPU-Z inachosema, maana kuna watu wanabandika kifuniko cha prosesa kubwa juu ya ndogo. Kifuniko kikiwa na maandishi ya Intel Confidential iache, hiyo ni sampuli ya majaribio haikutakiwa kuuzwa. Na kwa 8700K uliza kama imewahi kufunguliwa kifuniko, kwa sababu Intel waliweka pesti ya kawaida ndani badala ya kulehemu, watu wakawa wanafungua na kuweka metali ya maji, joto linashuka sana. Iliyofunguliwa vizuri ni faida. Utajuaje vizuri? Iwashe mzigo kisha angalia joto la kila kori, zikipishana nyuzi tano au nane poa, lakini kori moja ikiwa juu ya wenzake kwa nyuzi kumi na tano na zaidi basi aliyepaka alipaka vibaya.

Halafu hili la Intel kizazi cha 13 na 14, tafadhali lisome mara mbili. Zile za mezani zenye nguvu zilikuwa zinapata volti kubwa kupita kiasi mpaka zinachakaa ndani, na mwaka 2024 Intel wakakiri na kutoa marekebisho ya maikrokodi (programu ndogo inayoiongoza prosesa kwa ndani), 0x129 mwezi wa nane na 0x12B mwezi wa tisa, wakaongeza na waranti miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayarudishi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Kwa hiyo i9-13900K ya mtumba hata iwe na cheti cha kupimwa cha mwaka juzi, kile cheti hakina kazi tena, pima upya au iache. Mimi kwa hela yangu ningechukua 9900K au 12900K iliyotunzwa kuliko hiyo.

Haya, umeinunua. Kabla ya kuovaklok hakikisha mazabodi inaruhusu, Intel lazima prosesa iwe na K na mazabodi iwe ya Z (Z370, Z390, Z490 na kuendelea), ukiiweka kwenye B au H itawaka vizuri tu ila vidhibiti vya kuzidisha spidi huvikuti. Na usinunue mazabodi ya Z ya bei ya chini kabisa yenye VRM zisizo na vipande vya alumini juu, zile ndo zinazolisha umeme prosesa, zikichemka zinaishusha spidi halafu unalaumu prosesa bure.

Anza na kusasisha bayosi (programu ya mazabodi, setingi zote hizi ziko humo), rudisha setingi zote za mwanzo, zima Multi-Core Enhancement (bodi nyingi zinaiwasha kimya kimya na kujipandishia volti), na XMP ya RAM (setingi ya kuipandisha RAM mpaka spidi yake iliyoandikwa) iache kwanza imezimwa ili ukipata kugoma ujue ni prosesa sio RAM. Spidi ni 100 MHz ya msingi mara kizidishi, kwa hiyo kizidishi 50 ni 5.0 GHz. Hata kama muuzaji kakwambia 5.1 usianzie huko, weka 48 kori zote na Vcore ya kudumu 1.25, LLC (inayozuia volti kushuka prosesa ikiwa mzigoni) katikati, washa Windows, piga Cinebench dakika kumi. Ikipita panda 49, ikipita panda 50. Ikigoma, yaani skrini ya buluu inayosema WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, mara nyingi ni njaa ya volti, ongeza 0.01 au 0.02 urudie. Usiruke 0.05 kwa pupa. Na hata isipogoma chungulia chini kabisa kwenye HWiNFO sehemu ya WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows imeyaona), kama hesabu ya makosa inaongezeka basi hiyo mashine haijatulia, itakuangusha siku una kazi ya mtu.

Kwa 8700K na 9900K mimi sipiti 1.38 kwa matumizi ya kila siku, na joto nalitaka chini ya 85 kwenye mzigo mzito ingawa kikomo chake ni 100. Sababu ni hesabu ndogo tu, umeme unaoliwa unapanda sawa na spidi lakini kwa volti unapanda kwa mraba. Tuseme umetoka 4.7 kwa 1.20 ukaenda 5.2 kwa 1.40, spidi imeongezeka kama asilimia 11, joto la kuondoa limeongezeka kama asilimia 50. Hiyo ndo bei ya zile MHz za mwisho, na hapo ndo prosesa iliyopimwa vizuri inapolipa, kwa sababu inafika palepale kwa volti ndogo.

Na usisahau yule aliyepima Ujerumani au Marekani pengine alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 21. Wewe uko Dar au Mombasa mwezi wa pili, chumba kina 32, basi zile nyuzi 11 zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa, alichoona 80 wewe utaona 91. Kwa hiyo namba za muuzaji punguza hatua moja, au weka kipoza maji cha milimita 280 au 360. Pima mchana, sio saa nane usiku kukiwa na upepo.

Umeme pia. Ukikatika katikati ya kupima unaweza kuharibu faili za Windows ukadhani ovaklok ndo mbaya, UPS ya kawaida inatosha. Mashine ikigoma kabisa kuwaka zima, chomoa waya, safisha CMOS (kumbukumbu ya setingi za bayosi) kwa zile pini mbili za kwenye bodi au toa betri ya bodi dakika chache, inarudi.

Ikishatulia washa XMP upime tena, RAM ipige na MemTest86 peke yake usiku mzima. Kisha badilisha volti kutoka ya kudumu kwenda adaptive ili ikiwa haina kazi ishuke. Hifadhi profaili kwenye bayosi.

Wenye Ryzen (prosesa za AMD) huku kwenu mambo ni tofauti, karibu zote zinaruhusu kuovaklok isipokuwa chache kama 5800X3D, na bodi za B450 au B550 zinatosha, za A320 na A520 hapana. Ila ukifunga kori zote spidi moja unapoteza ile kasi ya kori moja ambayo gemu nyingi zinaitaka, bora PBO (inaiacha prosesa ijipandishe yenyewe kupita kikomo cha kiwanda) na Curve Optimizer (inapunguza volti ya kori), anza -10 kori zote, pima, shuka -15, na ile kori inayogoma ipe namba yake peke yake.