Kutoka Dodoma kwenda kwenu Desemba: chagua siku, kiti na nauli mapema

Msafiri wa Desemba hapa Dodoma huumia kwa sababu ya siku aliyoichagua, hata kabla hajafika dirishani. Mji una watumishi wa serikali na wanafunzi wengi wa vyuo, na karibu wote wanataka kuondoka kati ya tarehe 20 na 24. Ijumaa jioni ndiyo mbaya zaidi, kwani watu hutoka ofisini na mabegi yao wakaelekea stendi. Kama ruhusa yako inakubali, ondoka Jumanne au Jumatano ya wiki inayotangulia. Kama haikubali, watangulize watoto na mzazi mmoja mara shule zinapofungwa, ili siku za msongamano utafute kiti kimoja badala ya vinne.

Uliza gari linaanzia wapi

Swali hili hulisahau wengi, nalo ndilo linaloamua safari. Mabasi mengi ya Mwanza, Bukoba na Kigoma yanaanzia Dar es Salaam na kupita stendi kuu ya Dodoma, Nanenane, iliyoko Nzuguni, yakiwa tayari na watu. Desemba wakala anaweza kukuuzia nafasi ya gari ambalo hajui kama lina kiti. Likifika limejaa, unaambiwa usubiri lingine, au ukae kwenye ndoo katikati ya viti hadi Singida. Usikubali: umelipia kiti, na kukaa kwenye ndoo ni hatari gari likifunga breki ghafla.

Basi tafuta kwanza gari linaloanzia Dodoma, hata kama linaondoka alfajiri. Ukikosa, chukua la kupita ila kwa tiketi yenye jina lako, namba ya kiti na namba ya gari. Ikate ofisini kwa kampuni au kwenye mfumo wake wa mtandao, wiki mbili au tatu kabla. Mpiga debe anayekupokea begi getini hana kiti cha kukupa. Anachofanya ni kukupeleka kwa wakala yuleyule na kuongeza chake juu ya nauli.

Nauli halali ni ipi?

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, huweka kikomo cha nauli kwa daraja la kawaida na daraja la kati. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa Sh 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na Sh 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita 450 hivi za Dodoma hadi Dar, hiyo ni kama Sh 21,800 na Sh 30,500. Angalia kiwango kinachotumika sasa, kizidishe kwa kilomita za njia yako, na utajua unapigwa au la. Mtego uko kwenye daraja la juu, ambalo bei yake huamuliwa na soko. Msimu huu gari la kawaida huitwa la kifahari ghafla. Kama halina choo wala kiyoyozi kinachofanya kazi, dai nauli ya daraja lake, na tunza tiketi: bila tiketi malalamiko yako hayana mguu.

Treni ya SGR

Kwa anayekwenda Morogoro au Dar, treni ya SGR, yaani ya umeme kwenye reli ya kisasa, ndiyo ya kufikiria kwanza, kwa sababu haina foleni ya Kibaha na Mbezi. Ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida hadi Dar ilikuwa Sh 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka 4 bure. Kwa viwango hivyo, wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo wa nusu nauli walilipa Sh 93,000. Ukipata namba ya malipo lipa papo hapo, la sivyo kiti hurudi sokoni. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na ufike mapema, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mizigo na treni haimsubiri mtu. Anayekwenda Tanga anaweza kushuka Morogoro na kuunganisha basi la kupitia Chalinze. Wa Iringa na Mbeya asizunguke huko. Barabara ya Mtera ni ya lami na ni fupi zaidi.

Saa ya kuondoka na mzigo

Mabasi yaliruhusiwa kusafiri usiku tangu Oktoba 1, 2023. Kabla ya kukata tiketi ya usiku, hesabu saa ya kufika. Ukitoka saa mbili usiku kwenda Arusha kupitia Kondoa na Babati, huenda ukashushwa kabla hakujapambazuka, na teksi ya saa hiyo ikala ulichookoa. Nzuguni nako ni nje ya mji: patana na bodaboda unayemfahamu jioni ya kuamkia safari, si alfajiri ukiwa umechelewa.

Gunia la karanga au dumu la alizeti litume kama kifurushi wiki moja kabla. Siku ya safari buti limejaa na konda hutaja bei anayotaka.

Tiketi ya kurudi

Ikate siku ileile unayokata ya kwenda. Wimbi la Januari ni kali kuliko la Desemba, kwa sababu kazi na shule hufunguliwa karibu pamoja, na mvua za Dodoma zimeshaanza, hivyo magari huchelewa. Acha siku moja ya akiba kabla ya siku ya kuripoti kazini.