Kompyuta inawaka ila skrini ni giza? Anza na raba

Jana kompyuta ya mezani hapa dukani iliwaka, feni ikazunguka, skrini giza tupu, halafu pii, pii, pii. Kabla hujaibeba kwa fundi: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 umeme uliobaki uishe, fungua kava, gusa chuma cha boksi, kisha toa RAM, yaani kile kibao chembamba cha kumbukumbu kilichochomekwa kwenye bodi kuu ya ndani. Sugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pande zote mbili, upanguse unga wake kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Irudishe ukiikandamiza mpaka vishikio vya pembeni vilie "tak". Kompyuta hukagua RAM kabla ya kuonyesha chochote, kwa hiyo meno yakichafuka au yasipokaa sawa inagoma hapohapo. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, utaijua mbovu. Ikiwa hakuna taa wala feni, usijisumbue na raba. Tafuta kwenye umeme au pawasaplai, lile boksi la ndani linaloipa kompyuta umeme. Laptopu nyingi nyembamba nazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haichomoki.