Kuita methodi wakati objekti inaundwa kwenye Python

Hatua ya 1: Ita kupitia self

Python inapofika kwenye `__init__`, objekti imeshaundwa na `__new__`. Kilichobaki ni kuijaza. Kwa hiyo methodi za darasa zinaitika humo ndani:

```python
class Ankara:
    def __init__(self, bidhaa):
        self.bidhaa = bidhaa
        self.jumla = self.kokotoa()

    def kokotoa(self):
        return sum(bei * idadi for bei, idadi in self.bidhaa)
```

Weka mabano. `self.kokotoa` bila mabano haikokotoi chochote, inakupa methodi yenyewe.

Hatua ya 2: Sifa kwanza, methodi baadaye

Ukiipindua mistari miwili ya `__init__`, `kokotoa` itaitafuta `self.bidhaa` na kuikosa.

Hatua ya 3: Angalia urithi

Hapa ndipo watu wanapopotelea. Kijana niliyekuwa namsaidia alikuwa na `Ankara` iliyofanya kazi vizuri, akaongeza ya VAT ya Kenya, asilimia 16:

```python
class AnkaraYaVat(Ankara):
    def __init__(self, bidhaa, kiwango):
        super().__init__(bidhaa)
        self.kiwango = kiwango

    def kokotoa(self):
        return super().kokotoa() * (1 + self.kiwango)

AnkaraYaVat([(150, 2)], 0.16)
# AttributeError: 'AnkaraYaVat' object has no attribute 'kiwango'
```

Aliikagua `Ankara` mstari kwa mstari, na kweli haina kosa. Tatizo ni kwamba `self` ndani ya `__init__` ya mzazi bado ni `AnkaraYaVat`. Python inaanza kuitafuta `kokotoa` kwa mtoto, inaikuta na kuiita papo hapo, ilhali mstari wa `self.kiwango` haujafikiwa. Java nayo hufanya hivyo; waliotoka C++ ndio hushangaa zaidi, maana kule konstrakta ya mzazi huita toleo la mzazi.

Dawa ya haraka ni kuupandisha `self.kiwango = kiwango` juu ya `super().__init__(bidhaa)`. Python inaruhusu, na shilingi 300 zinakuwa 348. Mimi siipendi. Kila atakayerithi `Ankara` atalazimika kwanza kufungua darasa la mzazi ajue linaita nini. Afadhali uiondoe `self.jumla` kwenye `__init__`, hesabu ifanyike inapoulizwa:

```python
    @property
    def jumla(self):
        return self.kokotoa()
```

Sasa mpangilio wa mistari kwa mtoto hauna athari, na bidhaa ikiongezwa baadaye jumla inafuata. Kama hesabu ni nzito na data haibadiliki, tumia `functools.cached_property`, inayokokotoa mara moja na kulihifadhi jibu, iliyoingia na Python 3.8.

Hatua ya 4: Kusoma faili kusiwe ndani ya `__init__`

Kufungua faili au kuuliza hifadhidata kupewe `@classmethod`, yaani methodi inayoitwa kupitia darasa lenyewe (`cls`), kama `dict.fromkeys` ilivyo:

```python
    @classmethod
    def kutoka_faili(cls, njia, **ziada):
        with open(njia) as f:
            bidhaa = [tuple(map(int, m.split(","))) for m in f]
        return cls(bidhaa, **ziada)
```

Andika `cls`, usiandike `Ankara`, ili `AnkaraYaVat.kutoka_faili("mauzo.csv", kiwango=0.16)` irudishe ankara yenye VAT. Hiyo `**ziada` ndiyo inayokifikisha kiwango. Bila hiyo utapata `TypeError`.