Mgongo laini, mgongo wa miiba: namna ya kumshinda dundu wa Mario asiyesikia moto

Mvua ya Tukuyu haikuulizi una ratiba gani. Mwezi wa nne inaanza baada ya chakula cha mchana na inaweza kukesha, na watoto waliokuwa wanakwenda kucheza mpira wanakuja kujibanza kwenye banda langu la ufundi redio. Nyuma ya meza ya kazi, katikati ya maspika yanayosubiri wenyewe, nina TV ya chogo ya inchi 14 na gemu la kaseti lenye Super Mario Bros. Wanacheza kwa zamu, roho tatu kila mtoto, na anayesubiri zamu anamenya magimbi.

Mwaka huu lalamiko ni lile lile. Mpwa wangu ndiye aliyelianzisha: "Mjomba, pedi imekufa. Moto unatoka, unampiga kabisa, lakini hafi." Nikaacha pasi ya kulehemu, nikaenda kuangalia kioo. Yuko steji ya 4-2, yaani dunia ya nne, steji ya pili, chini ya ardhi, na mbele yake anakuja mdudu mfupi wa bluu mwenye gamba la mviringo kama bakuli lililofunikwa. Pedi haikuwa na kosa. Alikuwa amekutana na Buzzy Beetle.

Watoto wa hapa wanamwita Kofia Ngumu, kwa kuwa gamba lake linafanana na helmeti ya bodaboda. Nilifurahi sana nilipojua kwamba Wajapani waliomtengeneza, mwaka 1985, nao walimwita Metto, jina lililotokana na neno helmeti. Mtoto wa Tukuyu na mchoraji wa Nintendo wameona kitu kile kile. Mimi nitamwita dundu, maana ndivyo alivyo.

Kabla ya kukuonyesha namna ya kumshinda, elewa kwanza kwa nini anawaua hata watoto wanaocheza vizuri. Karibu wote wanapita njia ya mkato ya 1-2: wanatembea juu ya dari mpaka kwenye mabomba matatu, wanaingia la dunia ya nne. Steji ya kwanza huko, 4-1, ina yule jamaa wa kwenye wingu, Lakitu, anayerusha vidudu vyekundu vyenye miiba mgongoni. Hivyo ukivikanyaga unaumia, ila moto unaviua. Kwa hiyo mtoto anatoka 4-1 akiwa na somo moja kichwani: mwenye gamba usimkanyage, mchome. Anaingia 4-2 na somo hilo hilo, na huko sheria imegeuzwa. Dundu moto haumwingii hata kidogo, lakini kumkanyaga ni salama.

Basi jambo la kwanza kabisa ni macho. Angalia mgongo. Ukiona miiba, rusha moto. Ukiona mgongo laini wa mviringo, ruka juu yake. Nawaambia watoto waseme kwa sauti kabla hawajabonyeza chochote: "laini" au "miiba". Siku mbili tatu banda zima lilikuwa linapiga kelele za laini na miiba, mpaka mteja mmoja aliyeleta redio yake akauliza tunauza nini.

Jambo la pili ni kidole gumba. Batani B ina kazi mbili: ukiishikilia unakimbia, na kila unapoibonyeza upya, kama umekula ua, unarusha moto. Mtoto aliyepaniki anaidonoadonoa B. Akichelewa kuibonyeza tena, mbio zinapungua, na risasi zenyewe haziwezi kuwa zaidi ya mbili kwenye kioo kwa wakati mmoja. Matokeo yake anamsogelea dundu polepole, anamrushia vitu visivyomdhuru, na wakati wa kuruka umempita. Ukishasema "laini", ishikilie B au iachie kabisa, lakini usiidonoe. Kazi imehamia kwenye A, batani ya kuruka.

Hapa niseme neno la kifundi, kwa sababu mara nyingine pedi kweli ina tatizo. Ukiona Mario haruki ingawa umebonyeza A, usiipige mezani. Fungua skrubu za nyuma, nyanyua kile kiraba cheupe, utaona chini yake kidoa cheusi kinachogusa ubao. Unyevu wa huku kwetu na mafuta ya vidole huacha utando mwembamba pale, unang'aa kidogo ukiuinamisha kwenye taa. Chovya pamba kwenye spiriti, futa kidoa na sehemu ya ubao inayotazamana nacho, acha ikauke, rudisha. Kaseti nayo ifute hivyo hivyo kwenye meno yake ya shaba. Kuipuliza kwa mdomo, jambo ambalo sote tulifanya utotoni, kunaipelekea mate na inaanza kushika kutu.

Sasa kumkanyaga. Usirukie ukiwa umemkaribia sana, maana utamgusa ubavuni ukiwa bado unapanda, na ubavu wake unaua kama wa adui mwingine yeyote. Ruka mapema kidogo, mfikie ukiwa unashuka. Akishakanyagwa anajikunyata ndani ya gamba na kutulia, unapata pointi 100. Watoto wengi hapo wanashangilia na kuendelea na safari. Kosa! Hajafa. Ukimwacha atatoka tena na kuendelea kutembea, na kama umesimama karibu unasubiri bomba lishushe ule mmea wake unaouma, atakukuta umegeuka.

Gamba lililotulia liguse kwa ubavu, litateleza kuelekea upande ulio mbali nawe. Hapo ndipo dundu anapogeuka kuwa mali. Gamba linaloteleza linafagia kila linalokutana naye, na pointi zinapanda kadri linavyoendelea: 500, 800, 1000, 2000, 4000, 5000, 8000, halafu roho moja ya ziada. Lifuate kwa nyuma huku umeshikilia B. Lina kasi kukuzidi hata ukikimbia, na likishatoka kwenye kioo limepotea, kwa hiyo ukizubaa utakuta maadui wa mbele wamebaki wazima.

Lakini kabla ya kulipiga, angalia kuna nini mbele yake. Hili nalikazania kuliko yote, kwa sababu nimehesabu kwa macho yangu: watoto wanaouawa na gamba walilolipiga wenyewe ni wengi kuliko wanaouawa na dundu anayetembea. Gamba likigonga bomba au ukuta linarudi, kwa kasi ile ile, usawa wa miguu yako. Ukiona bomba karibu, piga gamba kisha ruka hapo hapo, usisubiri kuona. Au kaa upande wa bomba, ulipige kuelekea ulikotoka. Mimi napenda njia ya pili. Ukiwa umeegemea bomba, gamba linakwenda zake na halina cha kulirudisha.

Kuna njia nyingine inayofaa pale matofali yanapokuwa juu ya kichwa chako na dundu anatembea juu yake. Gonga tofali lile lile alilolikanyaga, kwa kichwa, kutoka chini. Anarushwa juu na kupinduka. Usiku mvua ikikatika, madundu wa kweli wanakuja kwenye taa ya banda, wanagonga balbu na kuangukia mezani chali, miguu sita ikikanyaga hewa. Mmoja alianguka kwenye sahani ya skrubu juzi, akawa anazunguka kama pia, na mpwa wangu akamwangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, huyu ukimwacha ataamka." Ndivyo. Kwenye gemu pia, dundu aliyepinduliwa na tofali ana muda wake, halafu anarudi kwenye miguu. Panda haraka ukalipige gamba, au pita.

Na kupita si aibu. Dundu hakufuati. Anatembea mbele tu, akifika ukingoni anaanguka mwenyewe shimoni, hana akili ya kugeuka kama kobe mwekundu, adui mwingine wa gemu hili. Wakati mwingine dawa nzuri ni kusimama mbali na kumwacha ajimalize. Kama umeokota nyota, ile inayokufanya usidhurike kwa muda, mpitie tu, nyota inamuua. Na kama Mario wako amekula uyoga akawa mkubwa na mlango wa kutokea uko hatua chache mbele, unaweza kujitoa kafara: mguse, unakuwa mdogo, na wakati unamemetameta maadui wanakupita bila kukudhuru. Mimi sipendi njia hii, inakugharimu uyoga na ua, ila kwa mtu anayetafuta mmea wa siri wa 4-2, ule unaopanda mpaka kwenye mabomba ya dunia ya sita, saba na nane, nimeona ikiokoa roho.

Anayetaka kumjua dundu barabara asifanyie mazoezi 4-2. Kule kuna dari, mabomba yenye mimea, vyuma vinavyopanda na kushuka, mambo ni mengi mno kwa mtu anayejifunza. Mahali pazuri ni 1-1 ya mzunguko wa pili. Ukimaliza 8-4, steji ya mwisho, na kumkomboa binti mfalme, gemu linakuambia ubonyeze B uchague dunia. Anza tena, na utakuta kila Goomba, wale wa kahawia kama uyoga wanaokufa kwa mguu mmoja, amebadilishwa kuwa dundu. Tena wanatembea haraka zaidi.

Yule wa kwanza kabisa, chini ya vile visanduku vya alama ya kuuliza, ndiye mwalimu. Mkanyage, kisha piga gamba kwenda kulia. Mbele yake kuna bomba la kwanza. Utasikia linagonga, na kabla hujavuta pumzi limekurudia. Fanya hivyo mpaka kidole chako kiruke chenyewe bila kuambiwa. Mpwa wangu alikufa hapo mara nyingi sana, akanyamaza, akashika pedi vizuri, na siku ya pili akawa anaruka gamba kama mtoto anayeruka kamba.

Ukishaiweza hiyo, nenda mpaka kati ya bomba la tatu na la nne. Pale wanatembea madundu wawili kwenye uwanja uliozibwa pande zote mbili. Simama juu ya bomba la tatu uwatazame kwanza, wape muda wa kukaribiana. Shuka juu ya mgongo wa mmoja, rudi juu ya bomba kama mwingine amekukaribia, kisha shuka tena upige gamba kuelekea kwa mwenzake na urudi juu haraka. Gamba litamfagia, ligonge bomba, lirudi, ligonge tena, litakuwa linakwenda na kurudi chini yako na huwezi kushuka ovyo. Tulia. Hesabu mapigo yake, ruka linapokuwa limetoka tu kugonga bomba la tatu likiondoka, ulifuate kwa nyuma, na lirudipo uwe hewani ukielekea juu ya bomba la nne. Mtoto akilifanya hilo bila kufa, namwambia aende 4-2 kwa amani, ameiva.

Kwa wenye kaseti ya Super Mario Bros. 3, ya mwaka 1988, ongeza tahadhari moja: kule madundu wengine wanatembea kwenye dari, kichwa chini. Ukifika chini yake anajiachia na kuteleza kukufuata akiwa gamba. Usipite kwa mwendo wa kawaida. Sogea mpaka karibu yake, rudi nyuma ghafla, mwache aanguke, ndipo umruke. Kule pia kuna vazi la nyundo, na nyundo hizo zinamuua pale ambapo moto umeshindwa.

Mwisho ni suala la umeme, maana limewaliza watoto hapa zaidi ya dundu. Kaseti hii ya kwanza haitunzi kumbukumbu yoyote. Ukizima gemu, mzunguko wa pili umeondoka, na itabidi umalize 8-4 upya. Kwa hiyo ukifikia hapo na mama anaita mle, bonyeza batani ya Start lisimame, zima TV peke yake. Acha gemu liwake, hamisha adapta, bila kuichomoa, kutoka juu ya godoro au kitambaa na uiweke kwenye sakafu ya saruji isipate joto sana, kisha bandika karatasi kwenye soketi uandike kwa herufi kubwa: MSICHOMOE.