Kuchagua Bima ya Safari kwa Mkazi wa Tanga Anayekwenda Likizo Nje ya Nchi

Wasafiri wengi huikumbuka bima ya safari pale tu ubalozi unapoidai, kisha hununua iliyo na bei nafuu kuliko zote. Hati ya namna hiyo huweza kutosha kwa viza, lakini si hakika kwamba italipa bili ya hospitali. Kwa viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, sheria inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za eneo hilo na inayogharimia matibabu ya dharura pamoja na kumrejesha msafiri nyumbani akiugua au akifariki. Hicho ni kiwango cha chini tu. Anayekwenda Marekani, ambako gharama za kulazwa ni kubwa mno, atafute kiwango cha juu zaidi, ingawa viza ya matembezi ya huko haidai bima.

Kabla ya kuuliza bei, soma sehemu inayoorodhesha mambo yasiyolipwa, maana huko ndiko madai mengi yanakokwama. Mwenye kisukari au shinikizo la damu autaje ugonjwa wake kwenye fomu na aulize kama unalipiwa, kwa kuwa kuuficha kunaipa kampuni sababu ya kukataa dai zima. Mtu mzima mwenye umri mkubwa aulize ukomo wa umri, na mjamzito aulize bima inamlinda hadi wiki ya ngapi. Anayetaka kupiga mbizi au kukodi pikipiki ahakikishe shughuli hizo zimetajwa kwa maandishi; ahadi ya mdomo ya wakala haina uzito wakati wa kudai. Aidha, anayempeleka mzazi India kwa matibabu yaliyokwisha kupangwa asitegemee bima ya likizo, kwani kwa kawaida hailipii matibabu ambayo ndiyo shabaha ya safari. Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nayo ni ya vituo vilivyosajiliwa nchini.

Kwetu Tanga lipo jambo jingine la kuangalia. Safari nyingi za kimataifa huanzia Dar es Salaam, na basi likikwama Segera au Chalinze ndege haitamsubiri mtu; basi uliza kama bima inaanza kufanya kazi tangu unapotoka nyumbani, na kama inafidia kuikosa ndege kwa sababu ya usafiri wa barabarani. Binafsi ningelala Dar usiku mmoja kabla, bima iwepo au isiwepo.

Anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kwa gari lake atahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo inahusu ajali za gari. Haimtibu malaria wala hailipi begi lililopotea.

Katika kulinganisha bei, angalia pia kiasi utakachojilipia mwenyewe katika kila dai, kwa sababu bima rahisi mara nyingi huwa na kiasi kikubwa. Hakikisha kampuni au wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na tarehe za bima zizidi siku za safari kidogo.

Mwisho, uliza kama kampuni huilipa hospitali moja kwa moja au hukurudishia fedha baadaye. Andika namba yake ya dharura kwenye karatasi, umwachie nakala ndugu aliyebaki nyumbani, na piga simu kabla ya kulazwa kila inapowezekana, kwa kuwa mikataba mingi hutaka kampuni itoe idhini kwanza.