Kufufua kompyuta ya zamani: plagi iwe ya mwisho

Ukipata kompyuta iliyolala stoo miaka 30, mkono utakuwasha uichomeke uone kama ipo hai. Subiri. Niliwahi kuua ubao mama (ubao mkuu wa ndani) wa 386, aina ya PC ya zamani, kwa haraka hiyo, na mpaka leo unaniuma.

Hatua ya 1: betri. Fungua kasha. Kwenye mbao mama nyingi za 386 na za 486 iliyoifuata utaona kisilinda cha volti 3.6, mara nyingi cha buluu, kimelehemiwa karibu na tundu la kibodi. Kikate kwa koleo hata kama hakijavuja. Ukikuta ukungu wa kijani pembeni yake, kimeshavuja. Wengi hudhani ile ni asidi, kumbe ni alkali, na ndiyo maana dawa yake ni siki. Chovya mswaki, sugua polepole, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha pitisha alkoholi ya isopropili. Acha ubao ukauke siku mbili.

Sasa uinamishe kwenye taa. Njia ya shaba yenye afya hung'aa chini ya rangi. Iliyoliwa huwa nyeusi. Weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, gusa ncha zote mbili za njia hiyo. Isipolia imekatika, basi unganisha kwa waya mwembamba. Kazi hii hula jioni nzima, na ndiyo inayookoa mashine.

Hatua ya 2: umeme. Kama yako ni Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, adapta yake ipime kabla ya kuiunganisha: pini ya 5 na ya 2 zitoe volti 5. Ikizidi 5.2, itupe. Kidhibiti chake cha volti kikichoka huachia volti nyingi, na chipu za kumbukumbu (RAM) huungua kimyakimya. Mimi hutumia adapta mpya tu.

Hatua ya 3: kapasita. Hivi ni vijikopo vinavyohifadhi chaji kwenye ubao. Zilizovimba au kuvuja zibadilishe, ukizingatia upande wa hasi. Ndani ya monita ya kioo kinene usiguse. Hubaki na maelfu ya volti hata ikiwa imezimwa.

Hatua ya 4: washa. Ukihisi joto lisilo la kawaida kwenye chipu, zima mara moja. Commodore 64 ikiamka, soma namba iliyo juu ya skrini, yaani baiti za kumbukumbu zilizo wazi. 38911 ni nzuri. Ikipungua, na hakuna katriji iliyochomekwa, anza kuchunguza chipu za RAM.